Jinsi ya kuandika simulizi ya kutisha ya ziwani: anza na hofu, meno yatakuja yenyewe

Kama unaandika simulizi za kutisha na upo Mwanza, au Sengerema, au Ukerewe, au popote ambapo ukifungua dirisha unaona ziwa, ujue una mtaji ambao waandishi wengi wangeutamani, ila tunaupita kila siku. Tunaenda kuandika majumba ya ghorofa yenye popo na milango inayolia yenyewe, vitu tulivyoviona kwenye muvi, wakati hapa kwetu kuna mawe makubwa yamening'inia juu ya nyumba za watu kule Mabatini na Igogo, kuna maji ambayo mwisho wake huuoni, na kuna usiku wa giza totoro ambapo kitu pekee unachokiona huko mbele ni taa za wavuvi wa dagaa.

Sasa jambo la kwanza, na ningependa ulishike hili kuliko yote nitakayoandika hapa: usianze na kiumbe, anza na hofu. Ukianza na kiumbe utaishia kuhesabu meno, pembe, kwato, macho mekundu, na msomaji kashaviona hivyo mpaka kachoka. Hofu hachoki nayo kwa sababu ni yake mwenyewe. Mama anayemsubiri mume aliyeenda ziwani na saa ya kurudi imeshapita, kijana aliyechukua mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, na simu inaita kuanzia asubuhi, mtu aliyemzika ndugu yake na bado anasikia anaitwa, hawa wote zimwi wanalo tayari, wewe kazi yako ni kulivisha mwili tu.

Ndo maana mazimwi hayafi. Watu walidhani umeme ukifika na shule zikifika na kila mtu akiwa na simu basi hadithi za majini zitaisha zenyewe, badala yake zimehamia humohumo kwenye simu na watu wanazisoma usiku wamejifunika shuka. Na hii siyo ya kwetu peke yetu. Mwaka 1815 mlima Tambora ulilipuka huko Indonesia, majivu na moshi vikasambaa angani kiasi kwamba mwaka uliofuata Ulaya hawakupata kiangazi cha maana, ikawa mvua na baridi tu. Basi pembeni ya ziwa Geneva kulikuwa na binti wa miaka 18, leo tunamfahamu kwa jina la Mary Shelley, mvua imewafungia ndani yeye na wenzake, wakaambizana kila mtu atunge hadithi ya mizuka, na yeye ndo akaanza Frankenstein, kitabu kilichotoka 1818. Hakuokota jini la bibi zake. Enzi hizo kulikuwa na wanasayansi wanaopitisha umeme kwenye maiti na misuli inacheza kweli, watu wakabaki wanajiuliza, je siku wakifanikiwa kumuamsha kabisa itakuwaje? Zimwi lake limetoka hapo, kwenye swali ambalo watu wa wakati wake walikuwa wanalala nalo. Ziwa lao, mvua yao, hofu yao, sisi tuna letu.

Kuna sababu nyingine naiona ni kubwa zaidi na haisemwi sana. Zimwi lina masharti. Ugonjwa hauna masharti, deni halina, dhoruba haina, vinakuja tu na huwezi kuviuliza. Lakini jini la hadithi unaambiwa usigeuke nyuma, usiitike, usivuke huo mstari wa majivu, ukishika hayo unapona. Yaani ndani ya hadithi ya kutisha msomaji anapata kitu ambacho maisha hayampi, anapata nafasi ya kupambana. Ukiandika zimwi lisilo na sharti lolote, linaloua yeyote popote muda wowote, msomaji ataogopa kurasa mbili halafu atazoea.

Tutengeneze moja pamoja

Tuchukue mfano mmoja twende nao hatua kwa hatua, maana maelezo matupu hayafundishi.

Wavuvi wa dagaa wanatoka jioni kipindi cha giza. Mwezi ukiwa mkubwa wengi wanapumzika, wanashona nyavu, kwa sababu mwanga ukiwa kila mahali dagaa hawana sababu ya kuifuata taa. Wakifika huko wanashusha taa zao juu ya vielea, zamani karabai na sasa hivi nyingi ni za betri na sola, zinakaa majini zinavuta dagaa, wao wanasubiri, baadae wanapita taa moja moja kuzungusha nyavu. Hayo yote ni maisha ya kawaida kabisa, na hapohapo kwenye kawaida ndo unaingiza kitu kimoja tu ambacho hakiko sawa. Kimoja. Wameshusha taa tano, wanarudi kuzipitia wanakuta sita.

Mtu anayeanza ataandika hivi:

"Ghafla likatokea jitu la kutisha sana lenye macho yanayowaka moto na meno marefu, Maduhu akapiga kelele kwa hofu kubwa isiyo kifani."

Hapo msomaji haogopi, anaambiwa tu kwamba Maduhu anaogopa. Jaribu hivi:

"Maduhu alihesabu tena, safari hii kwa kidole. Tano walizishusha wenyewe, kila moja aliiwasha kwa mkono wake. Ya sita ilikuwa imekaa mwisho wa mstari, kwa nafasi ileile waliyoiacha kati ya taa na taa. Mawimbi yalikuwa yanazipandisha na kuzishusha. Ya sita haikupanda. Alimgusa Kulwa begani, Kulwa akaangalia, akanyamaza, halafu akaanza kukunja wavu ambao ulikuwa bado haujalowa."

Angalia kilichofanya kazi hapo. Neno kutisha halipo. Ile nafasi ya kati ya taa na taa inamwambia msomaji kwamba hicho kitu kimewachungulia muda wote wakifanya kazi na kimejifunza, na hakuna aliyelisema hilo kwa mdomo. Na Kulwa, ambaye bila shaka anajua kitu, anakunja wavu mkavu. Mvuvi anayeacha riziki ya usiku mzima na mafuta ya injini kashayachoma, ambayo labda tajiri mwenye mtumbwi atamdai, huyo anatisha kuliko kelele yoyote utakayoiandika, na mtu wa mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, akisoma hapo atakuelewa hata kabla hujamaliza sentensi.

Sasa sharti. Wengi tumekua tunaambiwa ukiitwa usiku usiitike mara ya kwanza, subiri uitwe tena. Basi tulichukue tulifanye letu: kitu cha taa ya sita kinaita mara moja tu, hakiwezi kurudia. Binadamu anaita mara mbili, mara tatu. Kwa hiyo kwenye mwalo wa hadithi yetu kila mtu kazoea, ukiitwa usiku majini unakaa kimya mpaka usikie ya pili, watoto wanafundishwa hivyo, hata salamu za boti kwa boti zinarudiwa. Mpe msomaji muda wa kulizoea, mwonyeshe likimuokoa mtu mmoja kwenye sehemu za mwanzo, ili alipende.

Halafu ulete dhoruba. Na hapa una bahati kwa sababu dhoruba za ziwa Victoria kweli ni za usiku: jua likizama nchi kavu inapoa haraka kuliko maji, upepo unatoka pande zote za nchi kavu kuelekea ziwani, unakutana huko katikati, hewa ya uvuguvugu inapanda juu na mawingu ya radi yanajengeka wakati wavuvi wako ndani. Sasa Maduhu yuko ndani ya hiyo hali, na mwanae Shija alikuwa kwenye mtumbwi mwingine, na mtumbwi huo hauonekani tena. Kutoka gizani inakuja sauti ya Shija inasema "Baba!" Mara moja.

Anasubiri ya pili. Haiji.

Haiji kwa sababu ni kile kitu, au haiji kwa sababu mtoto kashakunywa maji na nguvu aliyobaki nayo ilikuwa ya kuita mara moja? Hapo huhitaji jino hata moja. Lile sharti lililokuwa linamlinda ndo sasa linamkaba shingoni, na msomaji mwenye mtoto ataisoma hiyo aya akiwa amesimama. Nakusisitizia hili maana ndo moyo wa kazi yote: sharti zuri linamlinda mhusika mwanzoni na linamtesa mwishoni, na linamtesa kupitia mtu anayempenda. Ukilipata hilo, kiumbe chenyewe unaweza usikionyeshe kabisa.

Waibie wazee

Zamani walijua hii kazi kuliko sisi. Usukumani kuna hadithi ya Shing'weng'we, zimwi lililomeza watu wote na mifugo yote, akabaki mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha, akajifungua Masala Kulangwa, mtoto akakua akauliza watu wako wapi. Anapoambiwa anaanza kuwinda, anaua panzi anamletea mama kwa wimbo, nimemuua Shing'weng'we, mama anamwambia hapana mwanangu huyo ni panzi tu, anaua ndege, hapana, anaua swala, hapana. Sasa nenda pwani, kwenye hadithi za Kiswahili zilizokusanywa Unguja na mmisionari Mwingereza Edward Steere akazichapa mwaka 1870, kuna Nunda mla watu, na kule nako kijana anaua mnyama baada ya mnyama, kila akileta anaambiwa na mama yake siye huyo. Sehemu mbili zilizo mbali hivyo na mbinu ni ileile! Kila "siye huyo" inalikuza zimwi bila kulielezea, maana kama swala mzima siye, basi mwenyewe yukoje? Hii unaweza kuitumia leo hii. Mhusika wako asikie kitu darini, akapande akute panya, ashuke ametulia, halafu asikie tena.

Nunda ina fundisho lingine la kiuandishi. Lilianza kama paka wa sultani. Akala ndama, watu wakamshtaki, sultani akasema paka ni wangu na ndama ni wangu, akaendelea kula wengine, mbuzi, ng'ombe, na kila mara sultani ana jibu, mpaka zamu ikafika kwa watoto wa sultani mwenyewe. Yaani zimwi lilifugwa. Nakushauri sana ulitafute hilo kwenye simulizi yako, nani alimlisha hicho kitu kikiwa kidogo, nani alikuwa ananufaika nacho.

Upande wa Kenya, kule Gwassi, Wajaluo wana hadithi ya Nyamgondho, mvuvi maskini aliyevua bibi kizee kwenye mtego wake wa samaki, akamchukua nyumbani, utajiri ukafurika, ng'ombe zizi zima, baadae pombe ikamkolea akamtukana yule mama, naye akainuka akarudi ziwani na mifugo yote ikamfuata ndani ya maji. Ukiiangalia vizuri yule mama wa ziwani hakufanya ubaya wowote. Kilichotisha ni mdomo wa mume. Hadithi nyingi zinazodumu ziko hivyo, yule wa ajabu anafuata haki, binadamu ndo anavunja.

Kiumbe chenyewe ukikitaka

Kuna wanaosema hadithi bila kiumbe hainogi, sawa, basi kitoe kwenye vitu vilivyopo. Mchukue kamongo. Ni samaki mwenye mapafu, lazima apande juu avute hewa, ukame ukija ana uwezo wa kujifukia kwenye tope akalala humo mpaka maji yarudi, na ana mdomo wenye nguvu ya kung'ata. Halafu chukua na hii: ziwa letu hili ni kubwa, zaidi ya kilomita za mraba 68,000, ila halina kina kirefu, mahali pa chini kabisa ni kama mita 80, na wataalamu waliochimba tope la chini wamegundua liliwahi kukauka, miaka kama 15,000 iliyopita. Weka hayo mawili pamoja. Kulikuwa na ardhi kavu hapo katikati, na kitu kinachojua kulala kwenye tope. Ushapata simulizi nzima na hujatunga uongo hata mmoja wa jiografia.

Wadudu wa ziwani nao, wale wanaoinuka majini kwa mamilioni mpaka kwa mbali unaona nguzo za moshi zinatembea juu ya ziwa. Magugu maji yanayohama usiku kwa upepo, jioni umelala mwalo uko wazi asubuhi hakuna pa kupita. Kiboko anayepanda kula majani gizani unasikia pumzi tu. Andika vitu hivi kama vilivyo kwanza, msomaji akiona unaijua kambare na kamongo, unajua mwalo unanuka nini saa kumi na moja alfajiri, ataamini na lile moja ulilotunga.

Misukule, yaani watu wanaodhaniwa wamekufa kumbe wamechukuliwa kichawi, chunusi wale wa kwenye maji, na vibwengo bado wana nguvu, wala usiogope kwamba vimeandikwa sana. Msukule ukiutazama ni hofu ya kufanyishwa kazi usiku kucha bila kulipwa na bila ndugu zako kujua uko hai. Mwandishi anayeujua ukweli huo ataandika msukule wa kiwandani, au binti wa kazi za ndani ambaye kwao walishamlilia, na itauma.

Pale ambapo usiweke zimwi

Hapa naomba unisikilize kwa makini. Usimfanye bibi mzee mwenye macho mekundu kuwa mchawi wa hadithi yako. Kanda ya Ziwa tunajua vizuri kilichotokea, bibi zetu wameuawa kwa mapanga kwa kosa la kuwa na macho yaliyoharibika kwa moshi wa kuni na samadi waliyopikia maisha yao yote. Na ndugu zetu wenye ualbino wamewindwa kwa sababu ya hadithi ambazo mtu fulani alizisema na mwingine akaziamini. Hadithi zinafanya kazi duniani, hiyo ndo sababu tunazipenda, na ndo sababu zinaweza kuua. Kama msomaji akimaliza simulizi yako akamtazama jirani yake kwa jicho baya, umeandika vibaya hata kama sentensi ni tamu. Zimwi libebe hofu tunayoshirikiana wote, lisibebe sura ya mtu ambaye kesho atapita njia anaenda kuchota maji.

Hivyohivyo kwa ajali za meli ziwani. MV Bukoba Mei 21, 1996, MV Nyerere Septemba 20, 2018 pale karibu na Ukara, hizo ni familia za watu, makaburi ya pamoja ya MV Bukoba yapo Igoma. Usiwawekee mazimwi humo. Ukitaka meli, itunge, ipe jina lako.

Mambo madogo ya mwisho

Usieleze kila kitu. Taa ya sita ilitoka wapi? Mzee mmoja mwaloni aseme hivi, mwingine abishe aseme vile, waache hapo. Ukileta mganga aya ya mwisho akatoa historia yote ya jini tangu kuzaliwa kwake, umelizika.

Mazungumzo yawe ya watu wa huku. Kijana wa mwaloni hamwambii mzee "nina hofu kubwa moyoni", atamwambia "mzee, tugeuze," na mzee atauliza "umeona nini?" na kijana atasema "tugeuze tu baba." Maneno machache yakibanwa yanatisha.

Kama unatoa kwa sehemu sehemu, kila sehemu ikate kwenye uamuzi. Wengi wanakata pale mlango unapogongwa, msomaji anajua kesho utafunguliwa na itakuwa paka. Kata pale Maduhu kashika kasia na hajajua aelekee wapi, hiyo ndo inampa mtu arosto ya kweli, ile hamu isiyotulia, anaenda kulala anaibeba, anajiuliza yeye angefanyaje.

Na ukimaliza, kabla hujaituma popote, msomee mtu mzima mmoja kwa sauti, usiku, ikiwezekana umeme ukiwa umekatika. Usimuulize kama ni nzuri. Mwangalie tu: pale anapochukua simu yake, punguza, pale anapokuuliza "subiri, kwahiyo Kulwa alikuwa anajua?" hapo usiguse hata nukta. Kisha mtafute mvuvi wa dagaa asome sehemu za ziwani, umnunulie chai, na akikwambia taa haishushwi hivyo au wavu haukunjwi hivyo, badilisha siku hiyohiyo.